Aya ina mdomo wake

Aya ya Kitabu cha Ayubu niliyoisikia mara nyingi kuliko zote, kwenye mahubiri, kwenye sala za harusi, hata kwenye kadi za pongezi, ni ile ya sura ya 8, mstari wa 7: mwanzo wako ujapokuwa mdogo, mwisho wako utaongezeka sana. Maneno matamu, na yanamfaa kila anayeanza jambo. Aliyeyatamka lakini ni Bildadi Mshuhi, mmoja wa wale marafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu wakaishia kumsuta. Mistari mitatu tu kabla ya utamu huo, Bildadi anamdokezea baba aliyefiwa na watoto kumi kwamba huenda watoto wake wamelipwa kwa kosa lao. Na kitabu kinapokaribia kufungwa, kwenye 42:7, Mungu anamkabili Elifazi na kumwambia kwamba yeye na wenzake wawili hawakusema yaliyo sawa juu Yake.

Hili nilililetea kikundi chetu cha kusoma maandiko. Ni kikundi cha watu wanaopendana na wasiokubaliana. Yumo mchungaji mstaafu aliyehubiri maisha yake yote. Yumo ustadhi anayefundisha Kiarabu na tafsiri ya Kurani. Yumo kijana msomi wa fasihi asiye na dini, anayekuja, kwa maneno yake mwenyewe, kula utamu wa lugha. Na mimi, mwalimu wa fasihi niliyelelewa katika imani na bado nimo, ingawa kuna siku naonekana nimekaa karibu na mlango. Wengine huja na kuondoka. Swali linalotuweka pamoja kwa miaka hii ni moja: je, ni halali kumsoma Yona au Yusufu kama tunavyosoma hadithi nyingine, tukiuliza msimulizi ni nani, mhusika anabadilikaje, kisa kimekatwa wapi? Au tukifanya hivyo tumekwisha kuvua viatu mahali pasipostahili, au kuvivaa mahali palipotakiwa kuvuliwa?

Niliuliza basi: aya ya Bildadi inahubiriwa kwa idhini ya nani?

Mchungaji hakuruka wala hakukasirika. Alifungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, 3:19. “Binti yangu, soma hapo.” Paulo anaandika kwamba imeandikwa, Mungu huwanasa wenye hekima katika hila zao. Na imeandikwa wapi? Ayubu 5:13, kinywani mwa Elifazi, yule yule aliyekaripiwa kwa jina. “Paulo anamnukuu rafiki mbaya,” akasema Mchungaji, “na anasema imeandikwa. Sasa mwambie Paulo naye hajui kusoma kisa.”

Hilo ndilo jibu bora nililowahi kupewa katika ubishi huu, na bado sijaliondoa njiani. Linaonyesha kwamba msomaji wa theolojia ana kanuni yake, tena si ya kivivu: kitabu chote kimevuviwa, kwa hiyo hata neno la mtu aliyekosea linaweza kubeba kweli likipelekwa mahali pengine. Shida ya marafiki wa Ayubu haikuwa kwamba kila sentensi yao ni uongo. Mengi waliyosema yangekaa vizuri katika Zaburi au Mithali. Walikosea kwa kuzisema kweli hizo kwa mtu huyo, siku hiyo, kana kwamba zinaeleza msiba wake. Lakini angalia tulivyofika hapo: ili kumtetea Paulo ilitubidi turudi kwenye swali la nani anamwambia nani, na lini. Mchungaji alikuwa ametumia fasihi kuitetea theolojia. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema yeye anaita kusoma tu.

Ustadhi alikuwa kimya muda wote huo akitabasamu, nami nikamgeukia. Kurani nayo ina sauti nyingi ndani yake: Firauni anasema, Iblisi anasema, malaika wanauliza, ndugu wa Yusufu wanakula njama. Kuna maneno katika Sura Yusuf, aya ya 28, ambayo nimeyasikia yakirushwa kama hukumu ya Mungu juu ya wanawake wote: hakika vitimbi vyenu ni vikubwa. Ndani ya kisa, hayo ni maneno ya mume anayeona kanzu ya Yusufu imechanwa kwa nyuma na kujua mkewe amesema uongo. Wapo wafasiri wanaosema aliyeyatamka ni yule shahidi aliyesema kanzu iangaliwe imechanwa upande gani. Kwa vyovyote vile ni mtu wa nyumba ile, ana hasira, na anamwambia mwanamke mmoja kuhusu jambo moja.

“Kweli,” akasema Ustadhi. “Lakini wako waliosema kwamba Mwenyezi Mungu akisimulia kauli na asiikanushe, basi ameiachia isimame. Mimi siwafuati katika hili, ila usidhani hawakuwahi kujiuliza nani anasema. Walijiuliza karne nyingi kabla yetu.”

Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mstari tuliouchora, fasihi upande huu na theolojia upande ule, haupiti pale tulipouchora. Nilikuwa nimekuja na picha ya shuleni: huku fani, kule maudhui, sisi wahakiki tunashika fani, wao wenye dini wamebaki na maudhui. Ustadhi aliivunja picha hiyo taratibu, kwa kisa cha kanzu.

Tulikuwa tunasoma Sura Yusuf yote, aya 111, kwa mkao mmoja. Ni sura ya pekee katika Kurani kwa sababu inashika kisa kimoja tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na aya ya 3 yenyewe inakitangaza kuwa ni simulizi nzuri kuliko zote. Ustadhi akatuonyesha kwamba ndani yake kanzu inatokea mara tatu. Kwanza ndugu wanaileta kwa baba ikiwa na damu ya uongo. Kisha inachanwa kwa nyuma katika nyumba ya bwana wake na kuwa ushahidi wa usafi wake. Mwisho Yusufu anaituma kwa baba yake aliyepofuka kwa huzuni, inatupwa usoni mwake na macho yanarudi. “Ya kwanza inadanganya, ya pili inashuhudia, ya tatu inaponya,” akasema. Kijana wetu asiye na dini alikuwa ameacha kuandika, anamkodolea macho.

“Hiyo umefanya fasihi, Ustadhi,” nikasema.

“Nimefanya balagha, Mwalimu, elimu yetu ya ufasaha wa kauli. Na balagha tumeifanya kwa sababu tunaamini, si kwa kuwa tumeacha kuamini.”

Ana haki kihistoria. Abd al-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078, alijenga moja ya nadharia kubwa za lugha katika ulimwengu wa Kiarabu, kwamba uzuri wa kauli hauko katika maneno moja moja bali katika namna yanavyopangwa na kuhusiana, na alifika huko akitafuta kueleza kwa nini Kurani haiigiki. Kwake kuuchambua mtindo kulikuwa njia ya kuonyesha asili ya kimungu ya kitabu. Wakati huohuo kitabu chenyewe kinakana kuwa ushairi: 69:41 inasema si kauli ya mshairi. Kwa hiyo Ustadhi anaweza kuchambua takriri, taswira na mpangilio mchana kutwa bila wasiwasi, ila ukitamka kwamba Kurani ni kazi ya fasihi, anasimama. Anachokataa ni dhana ya mtunzi. Fasihi ina mtunzi anayebuni, wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, hauna. Nilichukua muda kuona kwamba hapo hatubishani juu ya usomaji, tunabishana juu ya nani yuko nyuma ya ukurasa.

Na kuna mahali ubishi huo ulikuwa na gharama. Ustadhi ndiye aliyetusimulia habari za Muhammad Ahmad Khalafallah, ambaye mwaka 1947 tasnifu yake kuhusu sanaa ya usimulizi katika Kurani ilizua mtafaruku Misri na kukataliwa. Alikuwa amedai kwamba visa vya Kurani vinalenga kugusa na kuongoza, na kwamba si lazima kila kimoja kipimwe kama taarifa ya historia. Mwalimu wake, Amin al-Khuli, alikuwa mtetezi wa kuisoma Kurani kifasihi. Mwanafunzi mwingine wa al-Khuli, aliyekuja kuwa mkewe, Aisha Abd al-Rahman, aliyeandika kwa jina la Bint al-Shati, alitoa tafsiri ya aina hiyo hiyo kuanzia mwaka 1962 na akaheshimiwa sana. Nasr Abu Zayd, aliyekuja baadaye na kuupeleka mkondo huo mbali zaidi, mwaka 1995 alihukumiwa na mahakama ya Cairo kuwa ameritadi na ndoa yake ikatangazwa kuvunjika. Akahamia Uholanzi, akafundisha Leiden. Zana moja, watu watatu, hatima tatu. Ustadhi hakukubaliana na Abu Zayd hata kidogo, lakini alipofika kwenye ile ndoa sauti yake ilibadilika. “Mtu hujibiwa kwa kitabu,” akasema. “Kitabu kwa kitabu.”

Kijana wetu alidhani hapo ndipo anapopata nafasi yake. Yeye hana mzigo huo; anasoma Ayubu kama anavyosoma tamthilia, anapenda Wimbo Ulio Bora, na haoni kwa nini tusiachane na suala la ukweli kabisa, tubaki na uzuri. Nitasema wazi kwamba msimamo huu ndio unaonichosha kuliko wote, kuliko hata ule wa mhubiri anayeng’oa aya kama mchicha. Kwanza kwa sababu uzuri peke yake ni hakimu anayebadilika badilika. Augustino alipoyafungua maandiko ujanani aliona yako chini sana ya hadhi ya Cicero, msemaji mkuu wa Roma ya kale. Ni yeye mwenyewe anayesimulia hivyo, baada ya kuwa askofu na mmoja wa wasomaji wakubwa wa maandiko hayo hayo. Sikio lake la fasihi lilikuwa zuri. Lilikuwa limefunzwa kupenda kitu kingine.

Pili kwa sababu maandiko yenyewe hayakai kimya yakisubiri kusifiwa. Erich Auerbach, mhakiki wa Kiyahudi kutoka Ujerumani aliyefukuzwa na Wanazi akaandikia kitabu chake kikuu Istanbul, kikachapwa mwaka 1946, alimlinganisha Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, na kisa cha Ibrahimu akaona tofauti hii: Homer anataka tufurahi kwa muda na tusahau mambo yetu, ila msimulizi wa Biblia anataka maisha yetu yaingie ndani ya kisa chake. Anadai utii. Unaweza kuukataa utii huo, lakini ukijifanya haukuombwa, umekisoma kitabu vibaya, na umekisoma vibaya kifasihi.

Ibrahimu huyo ndiye aliyetufikisha mbali zaidi. Tulisoma Mwanzo 22 na aya za 102 hadi 107 za Sura As-Saffat siku moja, moja baada ya nyingine, kwa sauti, bila mtu kueleza. Katika Mwanzo ni ukimya. Mungu anaamuru, na mstari unaofuata Ibrahimu ameamka asubuhi na mapema anatandika punda. Siku tatu za njia hazina neno. Isaka anauliza mara moja tu, mwana-kondoo yuko wapi, na baba anajibu kwa maneno yanayoweza kuwa imani au kukwepa. Mara mbili tunaambiwa wakaenda wote wawili pamoja. Kisha, mambo yakiisha, Ibrahimu anarudi kwa watumishi wake na msimulizi hamtaji Isaka. Katika Kurani baba anasema. Anamweleza mwanawe ndoto na kumuuliza, waonaje? Na mwana anajibu kwamba atende alivyoamrishwa, atamkuta, Mungu akipenda, miongoni mwa wanaosubiri. Jina la mtoto halitajwi katika aya hizo.

Nilimwona Mchungaji ameinamisha kichwa. Baadaye alisema katika miaka yake yote alikuwa amemhubiri Isaka aliyekubali, na sasa anajiuliza alimtoa wapi, maana katika Mwanzo hakuna mahali Isaka anakubali. Alikuwa amepokea hilo kutoka kwa mapokeo ya wahubiri. Waraka kwa Waebrania nao, 11:19, unaingia ndani ya kichwa cha Ibrahimu na kutuambia alichofikiri, kwamba Mungu aweza kumfufua mtoto, jambo ambalo Mwanzo haulisemi. Theolojia huja pale kisa kilipoacha pengo, inalijaza. Haina njia nyingine. Huwezi kumpa mtu pengo aliabudu. Lakini asiyeona pengo hajui ni nini kimejazwa, wala na nani.

Na tofauti kati ya visa hivyo viwili, je, ni ya fasihi au ya theolojia? Tulilizungusha swali hilo hadi likakosa maana. Ukimpa mtoto sauti umeeleza jambo kuhusu utii: kwamba unaweza kushirikiwa, kwamba anayetolewa naye anajitoa. Ukimnyima sauti umeeleza jambo jingine kuhusu Mungu na kuhusu woga. Hakuna dokta wa theolojia angeweza kuandika tofauti hiyo kwa uwazi zaidi ya alivyoiandika msimulizi kwa kuamua nani aongee. Tangu siku hiyo sikubali tena mtu akiniambia mtindo ni pambo.

Mambo mengine tuliyapita haraka. Ubishi wa kama Ayubu aliishi au hakuishi, kwa mfano, tumeuzika, hasa baada ya kukumbushana kwamba marabi wa Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mijadala ya Kiyahudi, walikuwa wameshabishana juu yake, na mmoja wao akasema Ayubu hakuwahi kuwapo, alikuwa mfano tu. Kama jambo limebishaniwa ndani ya nyumba ya imani kwa karne zote hizo, halina haja ya sisi kurushiana viti. Wanaotaka kuanza na “je, ilitokea?” huwa tunawaomba wavumilie hadi kisa kisomwe. Wengi wakishakisoma wanauliza swali bora.

Aliyenisaidia hapo ni nabii Nathani. Daudi amelala na mke wa Uria na kumuua Uria vitani, na Nathani anakuja, katika 2 Samweli 12, na kisa cha tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye kondoo mmoja anayemlea kama binti. Tajiri anapata mgeni, anamchinjia kondoo wa maskini. Daudi anawaka: mtu huyo anastahili kufa, na atalipa mara nne. “Wewe ndiwe mtu huyo.” Hakuna kondoo. Hakuwahi kuwapo. Daudi alikihukumu kisa cha kubuni akidhani ni kesi ya kweli, na hukumu ikawa ya kweli kuliko kesi yoyote aliyowahi kuisikiliza. Mara nyingi nimemwomba anayesema kwamba kuliita andiko simulizi ni kulishusha hadhi anieleze Nathani alishusha nini. Mchungaji ana jibu, na ni la haki: Nathani alitumwa. Kisa chake kilikuwa na nguvu kwa kuwa aliyekileta hakukileta kwa niaba yake mwenyewe. Tumeachana hapo mara kadhaa, kila mmoja akimwona mwenzake ana nusu.

Aidha, nimejifunza kuiheshimu orodha. Sisi wa fasihi huruka nasaba, na waumini huruka nasaba, tofauti ni kwamba waumini huona aibu kidogo. Mathayo anaanza Injili kwa majina, makundi matatu ya vizazi kumi na vinne, na ili hesabu ikae anaacha wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia. Katikati ya wanaume hao anachomeka Tamari, Rahabu, Ruthu na yule ambaye hamtaji kwa jina, anamwita mke wa Uria. Ukiisoma kama rejista utasema kuna makosa. Ukiisoma kama sehemu ya kisa utaona mwandishi anakuandaa kumpokea Mariamu kwa kukupitisha kwa wanawake ambao kila mmoja alikuwa na jambo la kunong’onezwa. Theolojia yake yote ya neema imo humo, bila neno “neema” kutajwa.

Sasa jambo ambalo sikulipanga. Mama yangu alipofariki, mfariji mmoja alinishika mkono akaninukuu Ayubu 5:17, heri mtu yule ambaye Mungu amwadhibu. Nilimjua msemaji wa aya hiyo kabla hajamaliza. Elifazi. Nilikaa pale nikimshukuru kwa adabu, huku nikiwaza kwamba mtu huyu mwema amesimama mahali hasa ambapo Elifazi alisimama, mbele ya mfiwa, na anasema maneno yale yale kwa nia njema ile ile, naye hajui kitabu anachokishika kimemwandika. Hakukuwa na ukatili ndani yake. Alifundishwa kwamba aya ni aya. Mpaka hapo ubishi wetu wa kikundi ulikuwa raha ya akili kwangu. Tangu hapo nimekuwa mkali kidogo kwa yeyote anayesema swali la nani anasema ni la wasomi.

Siku zile nilisoma Maombolezo. Nilijua habari zake kama mwalimu anavyojua: mashairi matano, sura ya 1, 2 na 4 zikifuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania, kila ubeti na herufi yake, sura ya 3 ikizirudia mara tatu tatu hadi mistari 66. Sura ya 5 ina mistari 22 lakini alfabeti imeachwa. Kuna wanaosema huzuni ya kweli haihesabu herufi, kwamba mpangilio kama huo unaonyesha mwandishi aliyekuwa ametulia. Mimi nilikuta kinyume. Mji umeanguka, watoto wanakufa njaa barabarani, na huyu mtu anahitaji ukuta wa kushika akiwa gizani. Herufi ndizo ukuta. Halafu katika sura ya mwisho ukuta unakoma, idadi ya mistari imebaki, na anaendelea kutembea.

Mchungaji alikuja kunitembelea akanisomea sura ya 3, ile sehemu ya huruma za Bwana zisizokoma, mpya kila asubuhi. Akafunga kitabu. Nilimwomba aendelee.

“Mpaka wapi, binti yangu?”

“Mpaka mwisho.”

Alisoma. Mwisho wa Maombolezo, 5:22, ni neno gumu: isipokuwa umetukataa kabisa, na hasira yako juu yetu ni nyingi mno. Hakuna kinachofuata. Hakusema kitu, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa mistari ya huruma.

Miezi ilipopita tulilileta jambo hilo kikundini, na hapo nikaeleza desturi ya Wayahudi wanapokisoma kitabu hiki mbele ya kusanyiko: wakifika mstari wa 22 hawaishii hapo, wanarudi na kuurudia wa 21, uturudishe kwako, ee Bwana, nasi tutarudi. Hawakufuta mstari mgumu. Hawakuongeza wa kwao wa kuupooza, kama yule au wale walioongeza sala na jina la Mungu katika Esta ya Kigiriki kwa sababu Esta ya Kiebrania haimtaji Mungu hata mara moja. Waliliacha andiko lilivyo na kubadilisha tu mahali msomaji anaposimama.

Kijana alisema hiyo ni woga: shairi limemalizika, na msomaji hana haki ya kulimalizia. Ustadhi alisema ni adabu, kwamba kuna kitabu na kuna kisomo, na kisomo kina taratibu zake bila kugusa kitabu. Mchungaji alisema hakuwahi kujua, na kwamba angelijua angelitumia tangu ujana wake, makaburini hasa. Nilisema naona wote wawili wamelindwa, mwandishi ambaye hakuandikiwa upya, na wasikilizaji ambao hawakutupwa nje na mlango ukafungwa. Kijana akasema nimekuwa mwanadiplomasia. Labda. Ila aliponiuliza mimi binafsi naishia wapi, nilimjibu bila kusita kwamba nikiwa peke yangu naishia mstari wa 22, kwa sababu ndipo mwandishi alipoishia na nataka kukaa naye hapo. Nikisoma mbele ya watu, narudi wa 21. Mchungaji akasema yeye hata akiwa peke yake hurudi.